Sauti ya Mama Kwenye Kisanduku

Rafiki yangu Sifael, mpiga kinanda wa kwaya huko Suji, ni mwoga hata wa kinyonga, ila uongo hauwezi. Akidanganya masikio yanamcheza. Haya alinisimulia mwenyewe, masikio yametulia.

Alinunua kisanduku kinachohifadhi sauti za muziki za kompyuta. Unakichomeka kwenye kinanda, kompyuta unaiacha nyumbani. Mama yake, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alipokuwa anashuka mjini Same kwa binti yake Agape, dada wa Sifael, kutibiwa kifua, Sifael alimrekodi kwenye studio yake ya chumbani, mablanketi ukutani, akaitia sauti humo ili Jumapili isikosekane.

"Nenda kapumzike, mama. Sauti nabaki nayo," akamtania.

"Uitunze basi, baba," mama akacheka.

Jumamosi mchana akaenda kanisani kujaribu spika. Ukungu ukaziba madirisha, umeme ukakatika, ndani kukawa giza. Spika zikanyamaza. Akaondoa mikono kwenye kinanda.

Kisanduku kikakohoa.

Jamani, kisanduku chenyewe hakina spika wala betri. Akachomoa waya, akabaki nao mkononi. Kikakohoa tena, kikohozi cha mama yake kabisa.

Simu ikaita. Ni Agape.

"Kaka, tangu asubuhi mama anafungua mdomo, sauti haitoki."

Kisanduku kikanong'ona gizani, "Sifael, mwambie Agape anipe maji."

"Subiri kidogo, kaka," Agape akasema. "Ananionyesha jagi."