Tuni Iliyopita Mwisho Wake

Haya yalimpata rafiki yangu Mortimer Glantz, mtunzi wa muziki wa michezo ya jukwaani kule Broadway, New York. Kwa miaka mingi maneno ya nyimbo zake yaliandikwa na Sol Pinsker, na wawili hao walichukiana kama paka na panya. Sol alipokufa, Mortimer hakwenda mazikoni.

Wiki hiyohiyo, adhuhuri, alirudi kwenye ukumbi wa michezo kuchukua koti alilolisahau.

"Fanya upesi, bwana," mlinzi alimwambia mlangoni. "Umeme umekatika, na ndani hamna mtu."

Ukumbi haukuwa na madirisha, na ndani kulikuwa na giza totoro. Mortimer alipapasa viti mpaka karibu na jukwaa, ndipo piano ikaanza kulia. Ilikuwa tuni aliyoitunga kichwani asubuhi ile akinyoa ndevu, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameisikia.

"Nani huyo? Acha upuuzi!" alifoka.

Sauti kavu ya mvuta sigara, sauti ya Sol, ikaanza kuiimba. Kila mstari ulikuwa tusi, na kila tusi lilimtaja Mortimer kwa jina, vina vimekaa sawasawa. Alisimama akingoja tuni ikatike, maana mwisho wake alikuwa bado hajautunga.

Haikukatika. Ilipita pale alipoishia, ikaendelea gizani, tamu kuliko chochote alichowahi kutunga maishani mwake.