Kura Mbili za Nyumba Moja

Kila asubuhi Enid Sutcliffe huinua zulia la jikoni na kunusa sakafu. Mto Ellern unapita nyuma ya nyumba yake. Mara mbili umeingia ndani bila kubisha hodi. Mara ya pili ulichukua jiko na picha za harusi. Tangu hapo mtaa mzima unaomba ukuta wa kuzuia mafuriko, na serikali inajibu kwamba bado inatafakari.

Uchaguzi mkuu ulipotangazwa, Wilf, mumewe, alinyoosha mkono juu ya sahani ya tosti.

"Haya, mke wangu. Mapatano kama kawaida?"

"Kama kawaida," alisema Enid, wakashikana mikono.

Mapatano yenyewe ni haya. Kwao Enid tangu zamani hupigia chama kimoja, kwao Wilf kile kinachopingana nacho. Kura ya huyu ingefuta kura ya yule. Kwa hiyo wote wawili hawaendi kupiga kura, na nyumbani panakuwa na amani. Walijiona wana akili sana.

Safari hii jirani yao, Parveen Mahmood, alikuwa mlangoni akirudisha ngazi. Parveen hufundisha watu wazima madarasa ya jioni, na si mtu wa kumeza neno.

"Hivi mnafuta nini?"

"Kura," alisema Enid. "Mimi nina waziri mkuu wangu, yeye ana wake."

"Bi Enid, waziri mkuu hutamkuta kwenye karatasi yetu, labda awe anagombea jimbo hili. Sisi tunachagua mbunge wetu. Kwa kawaida chama chenye wabunge wengi ndicho kinachotoa waziri mkuu. Kwa hiyo chama kina uzito, ndiyo. Lakini hata mtu ana uzito. Nani atasimama Bungeni audai ukuta wako? Kuna wagombea watano. Umewasikiliza?"

Enid hakujua hata majina yao.

"Halafu mtaa usiopiga kura, nani atajisumbua nao?"

"Na wewe unampigia nani?" Wilf aliuliza.

"Hayakuhusu, Mzee Wilf! Mimi nafundisha watu kuuliza. Kujibu ni kazi yao."

Jumanne wagombea walikuja ukumbi wa kanisa. Watu walijaa mpaka madirishani, kelele kama za mechi. Enid alisimama, akainua mkono.

"Ukuta wetu utaudai vipi, na pesa zitoke wapi?"

Mgombea wa chama cha kina Enid, kijana mmoja, alitabasamu. "Kiongozi wetu anaujali sana mto wenu huo, unaitwa..."

"Ellern!" ukumbi mzima ulipiga kelele.

Mgombea mwingine aliahidi ukuta kabla ya Krismasi. "Utaujenga kwa biskuti?" mtu alimzomea, na kweli hesabu hakuwa nayo. Kisha akasimama Rowena Thackray, wa chama cha kina Wilf. Alikuwa amesoma ripoti ya wahandisi. Alijua bei, na alitaja wizara ya kubanwa. Enid alimpigia makofi kabla hajajizuia. Lakini chama cha Rowena kilitaka kupunguza mabasi ya vijijini, na dada yake Enid hana usafiri mwingine.

"Sasa nifanyeje?" alimnong'oneza Parveen. "Huyu ana ukuta, yule kijana wetu chama chake kinayaacha mabasi."

"Hutapata mtu wa kukubaliana naye kwa yote. Pima kipi kizito kwako. Usichague rangi tu kama unayenunua pazia."

Enid alipima siku mbili, akipika, akipiga pasi. Alhamisi asubuhi alivaa koti.

"Wilf, mapatano yamevunjika. Naenda!"

Wilf alikohoa. "Basi... ngoja na mimi nivae viatu."

Walichukua kadi zao za basi za wazee, kwa kuwa kituoni lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na kadi hizo zinakubaliwa. Mbwa wao, Tuppence, aliwavuta moja kwa moja hadi lango la shule iliyokuwa kituo cha kura. Akaketi kama mwenyeji.

"Tuppence huyo!" alisema mwanamke mwenye mbwa mnene. "Uchaguzi uliopita alininyang'anya soseji hapa hapa. Hujambo, Wilf!"

Enid aligeuka polepole. "Wilf. Si ulisema unamtembeza mbwa?"

"Nilimtembeza. Mpaka hapa."

"Kila uchaguzi?"

"Kila uchaguzi," Wilf alikiri, akimkuna Tuppence masikio.

"Kumbe nimekuachia uwanja mtupu, unafunga magoli peke yako!" Enid alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtoka mpaka akashika lango.

Ndani alitaja jina na anwani, akaonyesha kadi, akapewa karatasi. Kwenye kibanda cha kura hakuna aliyemchungulia. Alisoma majina yote matano, akaweka X moja, akakunja, akatumbukiza sandukuni.

Rowena Thackray alishinda kwa kura chache mno. Jumamosi ya kwanza aliyopokea wananchi, Enid na Parveen walikuwa wa kwanza mlangoni. Waliandika barua, wakarudi, wakarudi tena. Majira ya vuli wapimaji walikuja wakapigilia vigingi kando ya mto, na kazi ya ukuta ikapewa tarehe.

Wilf alisimama dirishani akisikiliza nyundo.

"Sasa niambie, mke wangu. Ulimpigia wetu au wenu?"

"Kura ni siri, mzee wangu," alisema Enid. "Na humu ndani, aliyeanzisha siri ni wewe."