Kipikipiki Kilichogoma Jumapili

Saa mbili na dakika ishirini, Jumapili asubuhi, kipikipiki cha magurudumu manne kilikohoa mara tatu pale uani kikazima. Mtoto wa kike wa miaka minane, kofia ngumu kichwani, alibonyeza tena kitufe cha stata. Kikakohoa, kikanyamaza. Ilikuwa Jumapili ya nne mfululizo.

"Umeona mwenyewe, Fundi," alisema Meneja. "Jumamosi unakuja kumwona mwanao, unakigusagusa. Jumapili nikitaka kumpeleka uwanjani, hakiwaki. Kama leo huna maelezo, hizo Jumamosi basi."

Fundi ndiye aliyemzaa mtoto. Meneja alikuwa mume mpya wa mama yake, na ndiye aliyenunua kile kipikipiki. Tusifichane, Fundi alimwonea mwenzake wivu, hata wa viatu alivyovaa. Tangu siku mtoto alipokirukia kile chombo kwa vigelegele, hakuwa amelala vizuri. Lakini kuharibu mashine asingeweza, hata angepewa nini. Alikuwa na siku moja tu kwa wiki ya kuitwa baba, nayo ilikuwa inamponyoka. Ndiyo maana safari hii aliomba aje na Jumapili pia.

Alimwambia mtoto akapumzike ndani, akaanza kazi. Betri nzima, stata inazungusha injini kwa nguvu. Akafungua plagi: nyeusi tii, imelowa petroli. Akaigusisha kwenye chuma na kuzungusha injini, cheche ikaruka. Petroli ipo, moto upo. Kilichokosekana ni hewa, na hewa haijizibi yenyewe.

Akaanza kumhoji dada yake Meneja, aliyekuwa akilala chumba cha uani na kulalamikia kelele asubuhi na jioni. Dada huyo alikiri bila kupepesa macho kwamba angefurahi chombo kikiibiwa. Ila alikuwa amehamia pale wiki mbili tu zilizopita, na ugonjwa ulikuwa na wiki nne. Huyo akatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Akabaki Meneja, na Fundi alimtamani awe yeye kuliko alivyowahi kutamani kitu.

"Hebu nionyeshe chujio la hewa liko wapi," alimwambia.

Meneja alizunguka chombo mara mbili, akainama, kisha kwa kujiamini akaonyesha bomba la moshi. Alipoona Fundi anamtazama tu, aliona haya. Ujinga wa namna ile hauigizwi. Fundi alivunjika moyo.

Aliinua kiti, akafungua kifuniko cha boksi la chujio. Wakati huo mama mtoto alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, maana cherehani yake ilikuwa sebuleni. Chujio lilikuwa safi. Nyuma yake, ndani ya bomba la hewa, kulikuwa na kitambaa kimesokomezwa. Fundi akakivuta na kukikunjua. Kingo zake zote nne zilikuwa na meno madogomadogo, yaliyokatwa na ule mkasi wa kuzuia nyuzi zisifumuke. Katika miaka sita ya ndoa yake na mama mtoto, Fundi alikuwa amekatazwa hata kuushika mkasi ule.

"Mtu mwingine angechana tambara lolote kwa mkono," alimwambia yule mama taratibu. "Wewe hata ukifanya ubaya, huwezi kuacha nguo ifumuke."

Meneja alimgeukia mkewe, akamwuliza kama ni kweli. Mama hakubisha. Alikuwa anakitia Jumamosi jioni, Fundi akishaondoka, anakitoa Jumatatu.

"Kwa nini?" aliuliza Fundi.

"Wewe unamfundisha kufungua plagi. Huyu anampeleka uwanjani. Mimi nabaki na siku za kumwambia oga, soma, lala. Zamani alikuwa anakaa miguuni pangu ananiokotea vifungo. Nilitaka Jumapili moja tu akose pa kwenda."

"Na huyu aliposema Jumamosi zangu basi, ukanyamaza."

"Nilinyamaza," alisema. "Nilijua na hizo nitazipata mimi."

Meneja alimwomba Fundi radhi, akasema Jumamosi ni zake na hakuna wa kuzigusa. Fundi alirudisha chujio, akafunga plagi, akabonyeza. Injini ikaitika mara moja. Walipogeuka, mtoto alikuwa nyuma ya mama yake, na ilikuwa wazi kwamba amesikia kila neno. Alimpita mama yake bila kumtazama, akapanda kiti.

"Baba," alisema, "kile kifuniko kitie skrubu. Uikaze sana, mama asiweze kufungua."

Miaka miwili Fundi alikuwa akiombea achaguliwe yeye mbele ya wote. Alimtazama mtalaka wake, aliyekuwa ameshika utepe kwa mikono miwili, akatamani mtoto asingelisema lile. Aliinama kwenye boksi la vifaa kutafuta bisibisi, akawa anaitafuta kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa juu kabisa.