Jino la Nyangumi Halifuti Kesi

"Jino la nyangumi nimeleta, baba yako kalipokea, watu wamekunywa kinywaji cha yakona wakapiga makofi. Sasa polisi wa nini tena?" Vilive alifoka mpaka vifuniko vya sufuria vikalia.

"Punguza sauti," Unaisi alimwambia, akimenya mihogo. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye plasta, na aliyeuvunja ni huyo huyo mumewe anayefoka.

"Nimeomba msamaha kimila."

"Uliomba na mwaka jana. Meno yamejaa kwa Baba, utadhani anafuga nyangumi."

Mzee Apolosi, baba yake Unaisi, alikuwa amelipakata lile jino. "Mwanangu, nikishapokea yameisha. Nenda polisi ukafute kesi."

Unaisi alichoka. Kila akivunjwa, wazee wanapatana, yeye anarudishwa.

"Baba, haifutiki. Dada Vasemaca, hebu mwambie wewe. Mimi mdomo umekauka."

Vasemaca, jirani anayefanya kazi kituo cha kusaidia wanawake, alikuwa kaegemea dirisha. Haya maneno alishayasema kijiji kizima mpaka basi.

"Mzee, jino linapatanisha koo. Kuvunja mkono ni kosa la jinai. Hapa Fiji polisi wakishapokea ripoti ya kipigo cha nyumbani, hawaruhusiwi kuitupa, hata mke akiwapigia magoti."

"Hata mimi baba mtu nikienda?"

"Hata aende chifu."

"Basi atoke kwangu," Vilive alidakia. "Nyumba yangu hii."

"Hakimu kasema utoke wewe, shemeji. Polisi walimwombea Unaisi amri ya zuio. Usimpige, usimtishe, usikanyage hapa. Ukiivunja unakamatwa. Konstebo aliyeileta yuko hapo nje."

"Na yeye atakula nini?"

"Mahakama inaweza kukuamuru utoe matunzo. Na kwetu kituoni kuna washauri na mwanasheria wa bure. Usimhurumie leo, umechelewa."

Mzee Apolosi aliitazama ile plasta. Kisha akainuka, akabeba begi la nguo za mkwewe lililokuwa tayari mlangoni, akamwekea miguuni.

"Jino nilishalipokea, litabaki," alisema. "Binti yangu sikupi tena."

Vilive alimtazama Unaisi. Unaisi akaendelea kumenya mihogo yake kwa mkono mmoja, hakuinua kichwa.

Mlango ule Vilive alizoea kuubamiza, bawaba zilishalegea. Leo konstebo alikuwa anamtazama. Akabeba begi, akatoka, akaufunga polepole.