Maji Yanayoondoka na Chumvi

Ukimwi ulimchukua mume wa Petronila mwaka 1991. Matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu wakatwaa kibanja chote, migomba na kahawa. Mjane aliachiwa kipande cha bonde huko Ngenge.

"Ardhi ni ardhi," shemeji yake Kashaija alimwambia. "Lakini watoto wakilala njaa, nitawachukua."

Ardhi gani, jamani! Mafunjo yalifyekwa zamani, jua likakausha maji, chumvi ikabaki juu, nyeupe kama unga. Mahindi yalichomoza, yakafa.

Juu ya bonde kulikuwa na kiwanda cha kuosha kahawa. Mihayo, mtunza mabwawa wa kiwanda, alimweleza Petronila kuwa maji machafu hupita katika mabwawa matatu, uchafu ukatuama, kisha hupimwa. Si ya kunywa, lakini hayana chumvi, na yana rutuba. Wakachimba mifereji miwili, wa kuingiza maji na wa kuyatoa.

Petronila akaziba wa kutoa. Mtamlaumu? Mwanamke wa Kihaya hulelewa akijua kwamba mbolea haitolewi nje ya kibanja. Amwage rutuba yote hiyo mtoni? Akaziba kwa udongo na magome ya migomba. Maji yakasimama, yakakauka, na chumvi ikarudi nyingi kuliko mwanzo. Petronila alikaa chini akalia, maana moyoni alishawaona wanawe wakichukuliwa na shemeji.

Mihayo hakumgombeza. Alizibua mfereji, maji yakapita siku kadhaa. Kisha akachota maji yanayoingia katika sahani moja na yanayotoka katika nyingine, akazianika juani. Jioni sahani ya kwanza ilikuwa na vumbi kidogo tu. Ya pili ilikuwa nyeupe pe!

"Mawe! Mama yangu!" Petronila alinong'ona. "Hii yote ilikuwa shambani kwangu?"

"Ndiyo, mama. Maji huiyeyusha, huondoka nayo. Ukiyazuia, umeizuia na yenyewe."

Kila jioni alisimama ukingoni akiyatazama maji yakiondoka, kama mtu aliye kanisani. Msimu wa pili nyasi zilifunika bonde. Msimu wa tatu alivuna mpunga, na watoto walikula wakashiba, nyumbani kwa mama yao.

Mwaka huo ukame ulipiga kibanja cha Kashaija. Akaja na mundu, macho chini, kuomba nyasi za kutandaza kwenye migomba. Alipoliona bonde, aliduwaa.

"Hapa ndipo pale?" aliuliza.

"Ardhi ni ardhi, shemeji," Petronila alijibu. "Kata utakazo. Ila ule mfereji wa kutoa maji usiuguse."