Jaketi la Okwakol na Mafuta ya Mgongo Wazi

Jirani zangu wapendwa wa Malaba, nyumba ya Okwakol ilikuwa na amani hadi jaketi lake la ngozi lilipochanika begani.

Okwakol ni mwendesha bodaboda. Mkewe, Selpha, hushona viatu na mikoba ya ngozi karibu na foleni ya malori mpakani, na madereva humletea hata viti vyao vilivyotoboka. Lakini Okwakol hakutaka wenzake wa steji waone jaketi lake mikononi mwa mke.

"Lilete nishone, baba Mitchelle," Selpha alimwambia. "Jumamosi unambeba bibi harusi."

Ni kweli. Brendah, mpwa wa Okwakol aliyekuwa akiolewa, alifiwa na baba akiwa mtoto. Aliomba mjomba ndiye amfikishe kanisani Bukhayo na kumwingiza ndani, akiongoza msafara wa pikipiki.

"Jaketi ni kazi ya wanaume," Okwakol akajibu. "Wewe endelea na viatu vyako."

Ijumaa akaliloweka kwenye maji moto na sabuni ya unga, akalianika juu ya mabati, jua kali. Jioni lilikuwa gumu kama ubao, mikono imenyooka juu.

"Boss, nani amelinyooshea bunduki?" aliuliza Mukhwana, mwenzake wa steji.

Okwakol akakumbuka kwamba ngozi hulainishwa kwa mafuta. Hapo hakukosea, wapendwa. Alikosea mafuta. Aliomba yaliyobaki kikaangoni kwa mama Ajiko, anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki mbuta. Jaketi likalainika, likang'aa. Pale begani akapabandika kwa gundi.

Jumamosi Brendah akapanda, akanusa.

"Mjomba, tunapitia sokoni?"

"Ni upepo tu."

Kufika kona ya kwanza, mbwa watatu walikuwa nyuma yao. Kufika Bukhayo, walikuwa tisa.

"Boss, hata hawa umewapa kadi ya mwaliko?" Mukhwana alipaza sauti kutoka nyuma, akiwa amembeba Selpha.

Okwakol alipopunguza mwendo karibu na kanisa, mbwa mmoja mwekundu aliruka, akang'ata mkono wa jaketi. Gundi ikaachia. Mbwa akatoweka na mkono mzima kwenye shamba la mihogo.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Brendah hakucheka. Alishuka, machozi yakimlenga.

"Mjomba, sasa nitaingia na nani?"

Okwakol aliinama. Kisha, mbele ya steji nzima, akasema polepole, "Mama Mitchelle, nisaidie."

Selpha alikuwa ameshamfuata mbwa, akambadilishia ule mkono wa jaketi kwa chapati, akarudi nao. Akatoa shazia, sindano yake nene ya ngozi, na uzi wenye nta kwenye mkoba wake, akashona pale pale kando ya barabara.

"Simama wima. Usipumue."

"Na harufu?"

"Hiyo ni harufu ya ubishi, na ubishi hautoki kwa sindano, baba Mitchelle."

Akalipangusa kwa leso yenye maji. Okwakol akamshika mpwa wake mkono, wakaingia. Mbwa wote tisa walisubiri mlangoni kwa heshima.

Siku hizi, mtu akisifu mshono ule, Okwakol hujibu kwa sauti ya kusikika hadi Uganda: "Ni kazi ya mke wangu!" Mukhwana naye amempelekea Selpha glavu zake azishone.

Funzo

Ngozi hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, hukaushwa kivulini, hupakwa mafuta yake, si ya samaki. Na kama fundi yuko nyumbani kwako, usimdharau. Mpe kazi mapema, kabla mbwa hawajakulazimisha.