Mashine ya Anyesi Haiuzwi

Anyesi ana mashine ya kusaga nafaka karibu na soko la Kibakwe. Kila asubuhi wanawake hupanga ndoo zao za mahindi na mtama mlangoni. Mumewe, Lameck, huwasha injini, na injini hiyo hutumia dizeli.

Mwaka huu mvua zilikuwa kubwa. Korongo lilijaa, barabara ikakatika. Lori la dizeli halikufika kwa wiki tatu. Wanawake walirudi kutwanga kwa mkono. Wengine walichemsha mahindi mazima, watoto wakaumwa matumbo.

Anyesi hakukubali. Alichukua mafuta ya alizeti, akayamimina kwenye tangi la injini.

"Haya nayo ni mafuta," alisema. "Yatawaka."

Injini ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazimika.

Adamu, mnunuzi wa mazao mwenye duka jirani, alikuja akicheka.

"Shemeji, umeipa injini mchuzi! Sasa ni chuma chakavu. Niuzieni, hili banda niligeuze stoo."

"Labda tuuze," Lameck alisema kwa sauti ndogo.

"Haiuzwi," Anyesi alijibu. "Si mashine, si banda."

Mchana huo alikwenda kwa Mwalimu Ruthu, mama mstaafu aliyefundisha kemia sekondari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za injini yako."

"Kila mtu amesikia. Sikuja kuchekwa. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi."

Ruthu alimpa kiti.

"Wazo lako lilikuwa zuri. Mafuta ya mimea yanaweza kuendesha injini ya dizeli. Lakini ni mazito mno. Yanaziba nozeli, yaani vitundu vinavyorushia mafuta ndani ya injini. Lazima kwanza yageuzwe kuwa dizeli ya mimea."

"Yanageuzwaje?"

"Kwa methanoli na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kwa lita tano za mafuta, methanoli lita moja. Kostiki ni kidogo, hupimwa kwa mizani. Dumu moja la methanoli, la lita ishirini, linatosha lita mia za mafuta. Lori halipiti, lakini maji yakipungua, mtu anavuka korongo na dumu moja."

"Na mafuta ya kula? Watu watapikia nini?"

"Ya kula yabaki jikoni. Sisi tutumie yaliyochoka, ya wakaanga chipsi na maandazi. Wao huyamwaga."

Lameck alifungua nozeli, akazisafisha. Maji ya korongo yalipopungua, methanoli na kostiki vililetwa kutoka duka la kemikali Dodoma mjini. Anyesi alizunguka sokoni na ndoo, akakusanya mafuta machafu. Watu walimcheka. Aliendelea kukusanya.

Ruthu alikuja na glavu na miwani ya kukinga macho.

"Sikilizeni," alisema. "Methanoli ni sumu. Msiinywe, msivute mvuke wake, isiguse ngozi. Inashika moto upesi. Tufanyie kazi nje, mbali na jiko. Kostiki inaunguza. Msitumie sufuria ya alumini, kostiki huila."

Walichuja mafuta kwa kitambaa. Ruthu alisema yachemshwe mpaka maji yote yatoke. Lakini Anyesi alikuwa na haraka, akayaepua mapema. Walipochanganya, mafuta yaliganda kama uji.

"Umetengeneza sabuni," Ruthu alisema. "Maji yalibaki ndani."

"Basi, imetosha," Lameck alisema. "Tunaaibika bure."

Anyesi alivua glavu, akajipangusa jasho, akazivaa tena.

"Aibu ni yangu, nitaibeba. Tunarudia."

Safari hii alichemsha mafuta mpaka yakaacha kutoa mapovu. Aliyaacha yapoe hadi yawe na joto la wastani. Ruthu alipima kiasi cha kostiki ambacho mafuta yale yalihitaji, akaiyeyusha kwenye methanoli, ndani ya chombo kigumu cha plastiki. Wakamimina mchanganyiko huo kwenye mafuta, wakakoroga saa nzima.

Kesho yake walikuta matabaka mawili. Chini palikuwa na kitu kizito cha kahawia.

"Hiyo ni gliserini," Ruthu alisema. "Itoeni. Ya juu ndiyo dizeli yenu."

Waliiosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, mpaka maji yakatoka safi. Wakaiacha mpaka maji yaliyobaki yakatoka, ikang'aa.

Lameck aliimimina kwenye tangi. Akazungusha mkono wa injini mara moja. Kimya. Mara ya pili, injini ikaitika, ikanguruma, ikatulia. Lameck alimtazama mkewe, akacheka kwa sauti. Wanawake walikuja mbio na ndoo vichwani.

Mvua iliendelea kunyesha siku nyingi. Mashine haikusimama.

Wiki iliyofuata walikuja wanawake sita kutoka kijiji cha jirani. Walitaka kufundishwa. Adamu aliwasikia kutoka dukani kwake.

"Kemikali si kazi ya akina mama," alisema. "Mtaungua, mje kulia hapa."

Anyesi hakumgeukia. Alizungumza na wale wanawake, kwa sauti ya kumfikia kila mtu pale sokoni.

"Njooni Jumatano asubuhi. Mwalimu Ruthu atakuwepo. Leteni mafuta machafu, na mvae viatu vya kufunika vidole."